Hilo Jua Kwenye Kibandiko Ni Jua la Wapi?

Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya zile video za simu za mitumba, lakini leo ni maua. Usipite bado. Hii ni stori ya pesa, na ya vile watu huuziwa picha.

Ukienda kununua deizi kando ya barabara, mche uko na kibandiko, ama muuzaji anayo maneno ya kibandiko kichwani: "Inapenda jua. Mwagilia mara kwa mara." Sawa, lakini jua la wapi? Jua la Julai la Uingereza, ambalo linakaa angani karibu masaa 16 na bado watu wanatembea nalo na sweta mkononi? Ama jua la Februari la Kitengela, lenye masaa 12 pekee lakini linakausha jinzi kabla hujamaliza kuanika soksi? Ni neno moja, lakini si kitu kimoja. Na udongo je? Kibandiko hakijui kama uko kwa udongo mwekundu wa Kiambu ama ule mweusi unaopasuka kiangazi halafu unashika kiatu chako mvua ikinyesha.

Msimamo wangu ni huu: mche ambao hakuna mtu ameujaribu nje, kwa mvua ya hapa na udongo wa hapa, ni bahati nasibu. Na anayecheza hiyo bahati nasibu ni mnunuzi. Muuzaji ameshapata yake.

Nasema hivi nikiwa mtoto wa muuzaji. Mathe ana kitalu cha maua upande wa Ruiru. Si kitu kikubwa: vitanda vinne vya miche, neti ya kivuli, tangi la lita 1,000 na kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umefungwa na waya. Hapo ndipo nimekulia. Na mfalme wa hapo ni jabera. Ua kubwa kama kisahani cha chai, rangi kali kama ya kucha zilizopakwa leo asubuhi, shina moja limesimama wima. Mtu anashuka matatu saa kumi na moja jioni amechoka na kazi, anaiona, anatoa 250 bila swali. Jabera imelipa karo ya mdogo wangu mihula mitatu mfululizo, kwa hivyo naomba mnielewe kabla sijaanza kuisema.

Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja mwanamke mmoja. Alikuwa amenunua jabera sita kwetu mwezi mmoja kabla, nyekundu na za waridi, akazipanda kwa kaburi la mtoto wake. Zote zilikuwa zimekufa. Hakuja kudai pesa. Alisimama tu akiangalia zile zingine zilizochanua, kisha akamuuliza mathe, "Mama, hakuna ambayo haifi? Mimi huenda mara moja kwa mwezi. Siwezi kuwa huko kila siku na maji."

Mathe hukuwa na jibu la kila kitu. Siku hiyo alinyamaza. Mwishowe akamwambia aache namba ya simu, atamtafutia.

Jioni tukifunga nikamuuliza, kwa hizi zote, ni gani haifi? Akaanza kujibu, akasita. Mathe ameuza maua miaka 19. Anajua kila mche unaota kwa siku ngapi, unataka samadi kiasi gani, na utaitishwa na mteja wa aina gani. Lakini mche ukishapita lango letu, hatujui huko mbele huenda kufanya nini. Mteja ambaye maua yake yamekufa harudi kukuambia, anaenda tu kwa jirani. Na yule ambaye yamefanya vizuri pia harudi. Kwani atanunua nini tena? Kwa hivyo miaka yote hiyo, kitu pekee tunachojua kuhusu ua ni vile linakaa siku ya kuuzwa.

Hapo ndipo nilianza kusoma, na manze, kumbe kuna watu kazi yao ni hii tu.

Huko Uingereza, kaunti ya Surrey, kuna bustani inaitwa Wisley, ya chama chao cha bustani, RHS. Wanapanda aina nyingi za ua moja kando kwa kando, wanazitunza sawasawa, halafu jopo la watu wanaojua hilo ua linakuja kuangalia mara kadhaa, si siku moja tu. Zinazopita zinapewa tuzo ambayo imekuwepo tangu 1922. Marekani nao wana All-America Selections, ilianza 1932. Hao wameniingia zaidi kwa sababu ya sheria yao moja: aina mpya inapandwa bila jina, kwa namba, kando ya aina ya zamani inayofanana nayo. Jaji hajui ni ya kampuni gani. Swali si "ni nzuri?" Swali ni "imeshinda hii tuliyo nayo?" Na kule Athens, jimbo la Georgia, chuo kikuu kina bustani ya majaribio tangu 1982, na sababu ya kuwa pale ni joto na unyevu. Ua likivumilia kiangazi cha Georgia, mkulima wa kusini mwa Marekani anaweza kuliamini. Mnaona hapo? Hata ndani ya nchi moja hawakubali majibu ya jimbo lingine.

Halafu kuna mzee mmoja anaitwa Luther Burbank, wa Santa Rosa, California. Deizi nyeupe ile kubwa ya katikati njano, ile kila mtu huchora akiambiwa achore ua, hiyo aina yake ya bustani ni kazi ya huyu mtu. Alichanganya deizi za Ulaya na moja ya Japani, miaka karibu 17, akipanda miche kwa wingi, anachagua michache, anang'oa iliyobaki, anaanza tena. Akaitoa 1901 na kuiita Shasta, jina la mlima wa huko wenye theluji. Miaka 17 kwa ua moja. Mimi video ya sekunde 40 hunimaliza.

Sasa sehemu inayoniuma kidogo. Deizi nyingi ambazo Wazungu hununua majira yao ya kuchipua zinaanzia maisha hapa kwetu. Kuna mashamba upande wa Thika na kwingine ambayo kazi yake ni vipandikizi: vipande vidogo vya shina visivyo na mizizi. Vinakatwa, vinahesabiwa, vinafungwa kwa mifuko, vinawekwa kwa baridi na kupanda ndege. Vinafika Ujerumani ama Uholanzi, vinatia mizizi kwenye vitalu vya huko, na baada ya wiki kadhaa vinauzwa vikiwa na maua. Jirani yetu amefanya hiyo kazi miaka minne. Amekata vipandikizi vya Osteospermum, ile deizi Wazungu huita ya Afrika, mpaka vidole vinajua vyenyewe urefu. Nikamuuliza huwa zinachanua rangi gani. Akacheka. Mmea mama haukubaliwi kuchanua, unakatwa kabla. Rangi anazijua kwa jina la kibandiko tu. Na hizo aina zina wenyewe, zimelindwa na haki za mvumbuzi, si ati utabeba kipande kwa mfuko uende ukapande nyumbani. Kwa hivyo mmea unalelewa hapa, unajaribiwa kule, na majibu yanakaa kule.

Na kuna kingine. Osteospermum, gazania, jabera, na ile deizi ya kichaka inaitwa Euryops, zote asili yake ni kusini mwa Afrika. Jabera ile ya dukani ina babu kutoka Barberton, Afrika Kusini, na jina lake la kisayansi limetoka kwa Mskoti aliyeikusanya huko karne ya 19, Jameson. Ilienda Ulaya, ikafugwa kwa nyumba za vioo vizazi na vizazi, ikichaguliwa kwa shina refu na ua litakalokaa kwa chupa. Nani alikuwa anaichagua kwa kuvumilia mvua ya Aprili? Hakuna. Baadaye ndiyo Waholanzi wakatengeneza Garvinea, jabera za kukaa nje bustanini, kumaanisha hata wao waliona ile ya kawaida nje haiwezi.

Basi nikamwambia mathe tufanye yetu. Akaniuliza kama nimekosa kazi. Nikamwambia nimekosa kweli, si anajua. Akanipa miche.

Tulichukua aina tano: jabera, Osteospermum ya zambarau, gazania, Shasta na Euryops. Miche 6 ya kila aina kwa kitanda nyuma ya kitalu, udongo mwekundu, jua siku nzima. Mingine 6 ya kila aina kwa ploti ya tate yangu Kitengela, ule udongo mweusi. Jumla 60. Tulipanda katikati ya Oktoba mvua fupi zikianza. Tukamwagilia wiki tatu za kwanza ili ishike, baada ya hapo hakuna maji isipokuwa ya Mungu. Hiyo sheria ilitoka kwa yule mama. Kama mtu anaweza kufika mara moja kwa mwezi, basi jaribio lazima lifanane na maisha yake, si maisha ya mtu mwenye shamba boi.

Kila Jumapili ya pili nilipiga picha saa sita mchana, mahali palepale. Saa ni muhimu, nitawaambia kwa nini. Majaji walikuwa watatu: mathe, mimi, na jamaa mmoja wa boda wa pale stage ambaye hana habari na maua na ndiyo maana nilimtaka. Alama 1 hadi 5. Niliweka vijiti vyenye namba bila majina kama wale Wamarekani, ingawa kumficha mathe jina la ua ni kama kumficha konda nauli.

Miezi miwili ya kwanza jabera ilitupiga wote. Jamaa wa boda alikuwa anaipa 5 kabla hajavua helmeti. Euryops ilikuwa kijiti tu chenye majani ya kijivu, akaipa 1 na kuuliza kama ni dhania. Shasta ilikuwa na majani mazito, kijani kibichi, inakaa kama sukuma wiki iliyonawiri. Ungesimamisha jaribio Krismasi, jabera ingebeba kombe, na tungeendelea kuuza kama zamani na dhamiri safi.

Halafu Januari ikaja.

Kilichoua jabera za Ruiru si kiu pekee. Kiangazi ilipunguza maua, ukungu mweupe kama unga ukapaka majani, lakini mimea mingi ilishikilia. Kifo kilikuja na mvua ya Aprili. Jabera inaota kutoka kitovu kimoja pale chini, majani yote na maua yote yanatoka hapo. Maji yakituama kwa hicho kitovu, ama udongo ukikifunika, kinaoza, na ikioza huna tawi la pembeni la kukuokoa. Mathe huwa anawaambia wateja wapande kitovu kikiwa juu kidogo ya udongo, na yetu ilipandwa hivyo. Lakini mvua kubwa husogeza udongo. Wiki moja ya mvua ikarusha matope juu ya vitovu. Konokono nao wakamalizia. Kufikia mwisho wa Mei Ruiru zilibaki 2. Kitengela hata moja haikubaki. Udongo mweusi ulishika maji kama karai, na nilipong'oa moja ilitoka mkononi bila mizizi, laini, inanuka.

Sasa mtu atasema si ungeziwekea paa ama kuzipanda kwa chungu. Kwa chungu chini ya veranda jabera ni malkia, sina ubishi. Nazungumzia nje.

Gazania ni kinyume chake. Januari na Februari wakati kila kitu kilikuwa kinalia, gazania ilikuwa imelala chini na maua ya machungwa yenye mistari, ni kama hakuna kiangazi. Zote 12 zilifika Machi. Mvua ndefu ikaua 4 za Kitengela kwa kuoza, Ruiru hakuna iliyokufa. Tate akajaribu kitu na zile 2 zilizobaki kwake: akaziinua kwa tuta lenye kokoto, na hazikusumbua tena. Ukiwa na mteremko ama ukingo wa changarawe, gazania nunua ukiwa umefunga macho.

Lakini hapa ndipo saa inaingia. Gazania hufunga ua jua likienda. Saa sita mchana ni kama moto umewashwa chini, saa kumi na moja jioni ni vijiti vimekunja ngumi. Na wateja wetu wanashuka matatu saa ngapi? Saa kumi na moja. Miaka yote mathe amekuwa akisema gazania "haina soko Ruiru". Soko liko. Ni vile ua linalala wakati soko linaamka.

Osteospermum pia ina hiyo tabia ya kufunga, hata mchana kukiwa na mawingu. Na ina ukaidi mwingine: inataka usiku wa baridi ndiyo iweke vichwa vya maua. Februari ilipunguza sana, ikabaki majani. Mei ilikuwa imerefuka na kulala kama mtu amechoka, mathe akaikata theluthi moja. Juni, Julai, baridi ikaingia, ikajaa vichwa mpaka majani hayaonekani. Halafu sasa Nairobi ya Julai mnaijua, mawingu kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hivyo maua mengi yalibaki nusu yamefunga siku baada ya siku. Jua likitoka dakika ishirini, kitanda chote kinafunguka zambarau. Likipotea, kinafunga. Jamaa wa boda alikataa kuipa alama. Alisema, "Hii inacheza na mimi." Mimi niliipa 4, naikubali, lakini naelewa hasira yake.

Shasta ilinisikitisha na si makosa yake. Aina nyingi za Shasta husubiri siku ziwe ndefu baada ya baridi ya kweli, ndiyo zijue ni wakati wa kuchanua. Huku kwetu siku ni masaa 12 Januari, masaa 12 Juni. Mmea unasubiri taarifa ambayo haiji. Karibu zote zilikuwa hai mwisho wa jaribio, nzito, zenye afya, na kwa miezi 11 nilihesabu maua machache mpaka aibu. Ukienda Limuru ama Kinangop penye usiku wa baridi kali utaziona zikichanua vizuri, kwa hivyo usiape kwa ajili ya Ruiru. Kuna aina inaitwa 'Becky' ambayo Marekani ilichaguliwa mmea wa kudumu wa mwaka 2003, inasifiwa kwa kuvumilia joto. Vizuri sana. Joto halikuwa shida yetu.

Kuhusu Kinangop, shosho yangu wa huko alikuja Mei akaangalia kile kitanda cha Shasta, akauliza kwa nini tunapanda pareto mahali pa joto hivi. Hakuwa mbali. Pareto pia ni deizi, na Kenya ilikuwa ikiongoza dunia kwa kuiuza, kwa ile dawa ya kuua wadudu iliyo ndani ya ua. Shosho aling'oa yake malipo yalipochelewa miaka nenda miaka rudi. Alizoea kuangalia deizi kwa uzito kwenye gunia. Nilipomwambia hizi ni za kupendeza tu, alisema "aii" kwa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Sasa Euryops. Ile dhania.

Mnaijua hata kama hamjui jina. Ni kile kichaka cha maua ya njano kilicho kwa geti za mitaa ya zamani Nairobi, kando ya parking za makanisa, kwa shule. Majani ya kijivu yaliyokatwakatwa, maua madogo. Kwetu inauzwa 80 na hakuna mtu amewahi kushuka matatu kwa sababu yake. Ilianza polepole hadi nikadhani imekwama. Februari ikiwa kavu kabisa ikaanza kutoa maua. Aprili ikanyeshewa, ikaendelea. Julai, wakati Osteospermum ilikuwa inacheza na watu, Euryops ilikuwa wazi, njano kwa yale mawingu. Zote 12 zilifika mwisho, Ruiru na Kitengela, na ndiyo aina pekee iliyofika hivyo. Inataka kukatwa kidogo maua yakipungua, la sivyo inakuwa mti mtupu chini. Basi. Ukikata, yale matawi unayachomeka na mengi yanashika mizizi. Jamaa wa boda aliipa 5 mwezi wa saba, akaniuliza ni mpya?

Kuna deizi moja sikuiweka kwa jaribio makusudi, na nitasema kwa nini, kwa sababu ingeshinda. Ile ya njano inayotambaa, wedelia. Ni rahisi, haifi, inafunika ardhi haraka, na wanaotengeneza bustani huipenda sana. Iko kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Haifi ndiyo shida yenyewe. Ukiipanda karibu na mtaro ama mto inaondoka na kwenda kuishi kwingine. Kwa hivyo "haifi" peke yake si alama ya kutosha, lazima uulize pia kama itakaa ulipoiweka.

Yule mama, mathe alimpigia Aprili, kabla hata hatujamaliza, kwa sababu mvua ilikuwa imefika na matokeo tayari yalikuwa yanaonekana. Akachukua Euryops 4 na gazania 2. Mathe alimpa bei ya kawaida. Nilitaka kusema kitu, akaniangalia, nikaacha. Baadaye aliniambia mtu akija kununua ya kaburi hataki kuhurumiwa, anataka kununua ua. Agosti alituma picha WhatsApp. Gazania zililiwa na mbuzi. Euryops 4 zimesimama, njano. Aliandika "Ziko" na hakuandika kingine.

Halafu ndiyo ugomvi ukaanza nyumbani, ugomvi mzuri lakini ugomvi.

Kwa sababu hesabu ni hii. Jabera inauzwa 250 na mteja atarudi baada ya miezi michache kwa sababu imekufa. Euryops inauzwa 80 na mteja hatarudi miaka. Muuzaji anayeuza kitu kinachodumu anajipunguzia wateja, na karo ya muhula ujao haijui mambo ya ukweli. Mathe alinilipukia mara moja: "Wewe na majaribio yako, utakula alama?" Na hapo hakuwa anakosea. Ni rahisi kuwa mwaminifu ukiwa na mshahara.

Kile tulichofikia si kizuri sana lakini kinatembea. Jabera bado ziko, mbele kabisa, ila sasa zinauzwa zikiwa ndani ya chungu, 450, na mathe anamwambia mtu waziwazi: hii ni ya veranda, ukiipeleka kwa mvua usiniulize. Wengine huenda. Wengi hulipa. Gazania tumechapisha picha zake za saa sita mchana, kubwa, zimetundikwa juu ya miche iliyofunga, ili mtu wa jioni aone kile atakachopata Jumamosi. Na Euryops tulipandisha bei hadi 150, tukapanda moja kubwa ya jaribio kando ya lango, ile ya miezi 11, haiuzwi. Watu huuliza hiyo ni nini. Hapo ndipo unaiuza ndogo.

Kama unataka kufanya yako, hauhitaji ploti. Chukua miche 3 ya kila aina, si 1, kwa sababu 1 inaweza kufa na sababu zake. Ipande siku moja. Amua mapema utamwagilia vipi na usihurumie unayoipenda. Piga picha saa ileile. Na usitangaze mshindi kabla haijapita mvua ndefu moja na baridi ya Julai moja, hata kama wafuasi wanakuuliza kila wiki. Wangu waliniuliza. Wengine waliondoka, waende salama.

Naandika hii mvua za Oktoba zikiwa bado hazijafika. Raundi ya pili iko tayari, vijiti 36: Osteospermum za rangi tatu ambazo mathe amepata kwa muuzaji mwenye leseni, gazania za majani ya kijivu, na Euryops ile ya zamani katikati kama kipimo. Jamaa wa boda amesema mwaka huu hajaji bure. Anataka 50 kila Jumapili na chai.